Mama Ameifuata Namba

Saa nne na robo asubuhi, alipomaliza kola ya sare ya kumi na moja, mshonaji aliegemeza simu yake kwenye kopo la mafuta ya cherehani, akafungua kamera amwone mama yake. Alifanya hivyo kila siku. Mama aliishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kamera ilikuwa juu ya kabati la sebuleni kwao. Siku hiyo Mama alikuwepo katikati ya kioo kama kawaida, na gauni lake la maua, ila sebule haikuwa yao. Lilikuwa jiko la watu. Mwanamke mnene asiyemjua alikuwa anamkatia Mama mkate.

Mshonaji aliinyakua simu. Akampigia kaka yake, ambaye alikuwa mtunza stoo na ndiye aliyeishi na Mama.

"Kaka, Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani. Nimefunga kufuli kwa mkono wangu saa moja."

"Hayupo. Yuko jikoni kwa watu, anakula mkate."

Nyuma ya Kaka makasha yalikuwa yanaburutwa. "Basi ni umeme," alisema. "Ulikatika saa mbili ukarudi. Mwone fundi." Akakata simu, maana kulikuwa na mzigo unashushwa.

Fundi wa simu na intaneti alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara. Watu walimwita Waya kwa wembamba wake. Aliitazama simu mara moja tu.

"Ameifuata namba," alisema.

Mshonaji alikuwa amewahi kuelezwa habari hiyo, akaelezwa tena. Ruta ya nyumbani, kile kisanduku cha intaneti, ikizimika na kuwaka, kampuni ya intaneti huipa namba mpya, na ile ya zamani huenda kwa watu wengine. Ndiyo maana Waya alimsajilia jina moja lisilobadilika, jina la bure, ambalo wanaolitoa humtumia ujumbe kila baada ya siku thelathini kumuuliza kama bado analihitaji. Kazi ya ruta ni kulipasha jina hilo habari kila namba inapobadilika. Safari hii haikulipasha. Jina likabaki limeshika namba ya zamani, namba ikahamia kwa watu, na Mama akahama nayo.

"Wa tatu mwezi huu," Waya alisema huku akipuliza vumbi kwenye simu ya mteja mwingine. "Kuna mzee alikaa wiki nzima kwenye duka la matairi. Walimpenda sana."

"Atarudi?"

"Ruta ikitengemaa. Lakini lazima mtu awe mbele yake anisomee kilichoandikwa. Kaka yako anafika nyumbani saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Basi njoo saa hiyo. Na uombe Mungu umeme usikatike huko aliko."

Mshonaji alirudi kazini na roho mkononi. Kola zote zilitoka kombo. Bi Pasi, mama mtu mzima aliyepiga pasi meza ya pili, aliinama kwenye kioo cha simu, akaguna.

"Mbona kama kanawiri?"

"Tangu asubuhi tu, Bi Pasi?"

"Mkate wa watu wakarimu haukawii, mwanangu."

Saa saba mwanamke mnene alitoka kwenda uani kuanika nguo, akauacha mlango wazi. Mama aliutazama mlango ule kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akatoka. Mshonaji aliwaza gari, mtaro, mbwa, mtu mbaya. Baada ya dakika nne Mama alirudi na jani la mpera mkononi, akakaa, akacheka peke yake. Kaka alikuwa anafunga kufuli kwa nje kwa miezi minane sasa, kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni, na katika miezi yote hiyo mshonaji hakuwa amemwona mama yake na jua usoni. Alifuta kioo kwa kitambaa cha sare.

Saa kumi na moja na nusu, umeme ukakatika kwa wale watu. Namba ikahama tena. Mama akatokea ndani ya ghala lenye giza, katikati ya marundo ya viti vya plastiki, jani bado mkononi. Mshonaji alivuka barabara mbio bila kutazama magari.

Kaka alikuwa tayari hewani, Waya ameweka sauti kubwa. "Nimefungua kufuli. Kiti kipo, shuka lake lipo, yeye hayupo," Kaka alisema, kama anayehesabu bidhaa.

"Nenda kwenye ukurasa wa ruta, pale penye jina," Waya alisema. "Pameandikwaje?"

"Neno la siri si sahihi."

Waya alimgeukia mshonaji. "Ulibadilisha neno la siri?"

Alibadilisha. Wiki tatu nyuma alisikia kuna wezi wanachungulia kamera za watu, hofu ikamshika, akabadilisha neno la siri la jina, akasahau kuiambia ruta.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Ni wewe," Waya alisema bila ubaya wowote. "Kaka, andika jipya kama dada anavyokusomea, ila usibonyeze kwanza. Dada, akibonyeza, jina linarudi nyumbani na Mama anarudi nalo. Hatahama tena."

Mshonaji aliishika simu. "Kaka, nikimrudisha, utaacha mlango wazi?"

"Alitoka akafika barabara kuu, umesahau? Akitoka tena nani atamkimbilia? Wewe?"

Mshonaji alikuwa na sare mia mbili za kushona.

"Na tukimwacha kwenye namba?" alimuuliza Waya.

"Atazunguka. Leo jikoni, kesho sijui wapi."

Ghalani, mlango ulibamizwa. Viatu vizito vikaanza kutembea kati ya viti. "Nani yuko humu?" mwanamume aliuliza, na Mama akajikunyata, akaziba mdomo kwa jani. Bi Pasi, aliyekuwa amemfuata mshonaji mpaka kibandani, alimshika bega. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," alisema.

Viatu vilifika karibu. "Bonyeza!" mshonaji alipiga kelele. "Kaka, bonyeza!"

Mama akawa sebuleni, kwenye kiti chake, magoti chini ya shuka. Picha ilikuwa safi kuliko siku zote. Waya alisema mambo tayari, akaendelea na simu ya mteja.

Asubuhi, saa moja, kufuli lililia kwa nje. Saa nne na robo mshonaji alifungua kamera. Mama alikwenda mlangoni, akazungusha kitasa, akarudi, akasimama mbele ya kamera akiwa na jani lililoanza kukauka.

"Mwanangu," alisema, "kule kwa yule mama mlango ulikuwa wazi."

"Najua, Mama. Niliona."

"Huku ufunguo anao kaka yako. Wa njia ya kwenda kule unao wewe."

Akaenda kukaa. Mshonaji alilia kidogo, akajifuta, akavuta sare nyingine.

Siku ya thelathini ujumbe ulimfikia akiwa kazini, kama kawaida yake: je, bado unalihitaji jina hili? Usipojibu litaachiwa. Chini palikuwa na ndiyo, na hapana ambayo ingemwachia Mama azunguke na namba. Mshonaji alivikumbuka viatu vya ghalani. Kwenye kamera Mama alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa, anangoja. Mshonaji alibonyeza ndiyo, akaendelea na kola.