Gitaa Lililokazwa kwa Macho

Mjomba alilipakata gitaa la mpwa wake, ulimi ukiwa umemtoka kidogo kwa umakini. Mbele yake, simu iliyoegemezwa kwenye sufuria ilikuwa inarekodi. Alikaza uzi, akaupiga, akachungulia kioo cha simu. Uzi bado ulijikunja kama mnyoo. Akakaza tena.

Uzi ukakatika paa, ukamchapa kidole.

Mpwa wake, Sisimizi, aliingia jikoni mbiombio, taulo kichwani. "Mjomba, gitaa langu limekukosea nini?"

"Nakuokoa na aibu." Mjomba, kiongozi wa bendi yao ya kifamilia, alimwonyesha video ya mazoezi ya jana. Nyuzi zilikuwa zinapiga mawimbi. "Ona, zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Jumamosi harusini atapiga binamu yako."

Wimbo wa kumwingiza bibi harusi aliutunga Sisimizi mwenyewe, na binamu aliujua nusunusu.

"Jana ulisikia nimekosea?"

"Masikio hupitiwa. Huu hapa ushahidi."

Sisimizi aliwasha feni ya mezani, akaielekezea simu. Kwenye kioo, mapanga yalizunguka polepole, tena kinyumenyume. Mjomba alitazama simu, akatazama feni, ndevu zake zikipepea kwa upepo.

"Na feni nayo imeharibika?"

"Nzima. Simu inapiga picha mojamoja, harakaharaka, kisha inaziunganisha. Na kila picha inaisoma mstari kwa mstari. Kabla haijamaliza, uzi umeshatikisika huku na huku. Inaokota kipande hapa, kipande pale, inatuletea minyoo."

Mjomba alinyonya kidole chake. "Kwa hiyo hata ningekaza mpaka kesho..."

"Ungemaliza nyuzi zote. Gitaa linakazwa kwa sikio, wewe umelikaza kwa macho."

Mama yake Sisimizi, aliyekuwa anamenya vitunguu pale pembeni, alishindwa kujizuia. "Mwache kaka yangu. Kesho ataonja mchuzi kwa pua."

Alicheka mpaka kisu kikamwanguka. Mjomba alijikaza, mdomo ukamsaliti, naye akacheka. Kisha akakohoa, akavaa tena sura ya kiongozi.

"Haya, Jumamosi utapiga wewe. Lakini kwanza niombe radhi. Umenifanya kichekesho mbele ya dada yangu."

Sisimizi alifunga uzi mpya, akainamisha sikio, akaukaza taratibu mpaka ukaitika anavyotaka.

"Shikamoo nitakupa kila asubuhi, mjomba," alisema. "Radhi siombi."