Bwana Kinyaa na Tumbo la Asubuhi

Wapishi wa mji mzima wananiita Bwana Kinyaa, na sijawahi kulikataa jina hilo. Mimi ni afisa afya. Naingia migahawani kwa mlango wa nyuma, bila hodi, wakati mchele ungali unachaguliwa na hakuna aliyepata nafasi ya kuficha kitu. Nimeona mende akitoka kwenye kopo la majani ya chai, mnene, hana haraka. Nimeona kitambaa kimoja kikifuta meza, kisha kisu, kisha pua ya mpishi, kisha kikarudi mezani. Wanaodhani kazi hii humzoesha mtu uchafu hawajaifanya. Mimi kila mwaka unaopita naona kinyaa zaidi.

Ndiyo maana sili nje, na maji yangu natembea nayo. Nina chupa ya chuma, ya kijani, yenye kizibo cha kusokota, mwaka wa tatu sasa. Nyumbani kwangu chupa hiyo ina sheria moja: asiiguse mtu. Jioni naisuuza na kuijaza mwenyewe maji yaliyochemshwa, naiweka kando ya kitanda, na asubuhi kabla sijatia mguu chini nakunywa nusu yake. Mke wangu ni fundi cherehani na ulimi wake unachoma kuliko sindano zake. Husema angepata yeye nusu ya mapenzi inayopata chupa ile, angenenepa.

Kisha akaja mama mkwe. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari wa macho alitaka atiwe dawa ya matone mara nne kwa siku kwa wiki sita, bila kuruka, la sivyo jicho lingeharibika. Kwa mwanawe wa kiume alilazwa kwenye stoo, kati ya magunia na baiskeli mbovu, na siku mbili zilipita bila mtu kukumbuka matone. Mke wangu akaenda kumchukua. Sikupinga. Namheshimu mama yule, na mbele yake hata sauti yangu huwa ndogo.

Lakini mama mkwe hakai bure. Saa kumi na mbili asubuhi yuko jikoni anakoroga uji, jicho moja limezibwa kwa pamba. Siku ya tatu nilipita mlangoni nikamwona akiuonja. Alichota kidogo kwa mwiko, akadondoshea kiganjani, akalamba. Akaongeza sukari, akakoroga, akadondoshea tena kiganjani pale pale palipolambwa, akalamba tena, akajifuta kwenye pindo la gauni. Mwiko ukarudi sufuriani. Nikarudi chumbani, na nilipoletewa bakuli nikalimaliza, kwa sababu ni mama mkwe, na kila kijiko nilikimeza nikiwa nakiona kile kiganja.

Wiki hiyo hiyo, jioni, nilimkuta kwenye sinki ameshika chupa yangu. Kizibo kimefunguliwa, na kidole chake kimo ndani ya kizibo, kinachokonoa. Nilimpokonya. Alibaki amesimama na kidole chake hewani kinachuruzika maji, na mimi nikaisuuza chupa kwa maji ya moto mara tatu huku anaangalia.

Tumbo lilinishika vibaya baada ya hapo. Lilianza kila asubuhi, chini ya kitovu, likisokota kama nguo inayokamuliwa, na kufika saa mbili lazima nitafute choo. Siku moja lilinibana ndani ya mgahawa ambao choo chake nilikuwa nimekiandikia ripoti ya kurasa mbili. Niliingia nimeziba pua kwa shati. Mpishi alinisubiri nje na ndoo ya maji, kwa adabu kubwa mno.

"Pole, afisa," alisema. "Umekula wapi?"

Nilikuwa najua nimekula wapi.

Jioni ile nilimwambia mke wangu mama yake asipike tena. Nilisema mengi. Nilisema habari ya kiganja, habari ya pindo la gauni, na habari ya kucha zake. Nilisema kama ingekuwa jiko la mtu baki ningeshalifunga. Mke wangu alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akaacha.

"Mkono huo ndio ulionilisha mimi," alisema. "Mbona niko hai?"

"Wewe umezoea vijidudu vyake."

Nikasikia mlango wa chumba cha pili ukifungwa, taratibu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kusikika. Nilijua amesikia mpaka habari ya kucha.

Kesho yake jikoni kulikuwa kimya. Mama mkwe alikaa sebuleni, mikono ameikunja mapajani, kucha zimekatwa mpaka nyama inaonekana. Alisema, bila kuniangalia, kwamba mwanawe wa kiume amemkumbuka na Jumamosi atarudi kwake. Hakuna mwana aliyemkumbuka. Matone yalikuwa yamebaki ya wiki tatu. Mke wangu hakunisemesha siku hiyo nzima, na tumbo, licha ya kukosa uji, lilisokota vilevile. Nikajiambia sumu ya zamani bado inatoka.

Ijumaa mke wangu alinipeleka zahanati. Hakunibembeleza. Alinitupia viatu. Tabibu alikuwa mwanamama mwenye miwani, akaanza kuuliza mambo ambayo mtu mwenye haya zake hayajibu.

"Choo ni kigumu au cha maji? Kina utelezi?"

Nilijibu nikitazama dari.

"Unakula usiku ukalala hapo hapo?"

"Anakula kwa saa," alisema mke wangu.

"Unameza dawa za maumivu kabla ya kula? Pombe? Kuna kitu kazini kinakusumbua roho? Maana watu wengi tumbo la asubuhi ni hayo tu. Njaa, gesi, asidi, choo kilichokaa, au wasiwasi. Limeanza lini?"

"Tangu mama mkwe aje," nilisema.

"Mwongo," alisema mke wangu. "Daktari, huyu alikuwa anashika tumbo mwezi mzima kabla mama hajaja. Alikuwa anasema ni gesi."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikiita gesi, na nikilaumu kabichi.

Tabibu aliandika kitu. "Ukiamka, cha kwanza kuingia tumboni ni nini?"

"Maji. Yamechemshwa. Nakunywa kwenye chupa yangu, haiguswi na mtu."

Niliitoa mkobani nikaisimamisha juu ya meza yake, na nakiri niliisimamisha kwa majivuno. Akaifungua. Akakitazama kizibo kwa ndani, akaniuliza ule mpira wa duara ninautoa mara ngapi kuuosha. Nilimwambia mpira hautoki.

Aliomba kibanio cha nywele kwa mke wangu. Akakiingiza kando ya mpira, akabinua, na mpira ukatoka bila ubishi wowote. Nyuma yake kulikuwa na kitu cheusi. Hakikuwa vumbi wala kutu, ni utando mnene wenye kuteleza, umekaa duara nzima, na ulipoguswa na kibanio ukavutika kama makamasi. Halafu harufu ikanifikia. Naijua harufu ile. Ni ya mifereji ya chini ya masinki, pale ninapopiga magoti na tochi na kumwita mwenye mgahawa aje aone aibu yake. Miaka mitatu maji yangu yote yalikuwa yanapita juu ya kile kitu kabla ya kupita kooni kwangu. Tabibu alinisogezea ndoo ya taka kwa mguu, na niliitumia.

"Kipimo cha choo utatoa," alisema nilipoinua kichwa. "Siwezi kusema ni hii peke yake. Lakini hii usinywee tena." Kisha akavua miwani. "Si wewe uliyefunga ule mgahawa wa karibu na stendi?"

Mke wangu alicheka njia nzima. Mimi sikuwa na cha kucheka. Nilikuwa namwona mama mkwe kwenye sinki, kidole ndani ya kizibo, anachokonoa.

Jumamosi asubuhi mkoba wake ulikuwa mlangoni. Nilimpelekea chupa na kizibo na ule mpira kwenye sahani, nikamwambia yote, mpaka habari ya ndoo ya taka. Aliinama akausogeza mpira karibu na jicho lake zima.

"Niliuona wiki ile ya kwanza," alisema. "Nilitaka nikuoshee kabla hujaijaza."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningeanzaje, baba? Nimwambie mkwe wangu chupa yake inanuka?"

Nilimwomba radhi kwa yale aliyoyasikia nyuma ya mlango, nikamwomba abaki mpaka matone yaishe, na baada ya matone. Alichukua mkoba akaurudisha chumbani, kisha akamwita mke wangu amtie dawa.

Kipimo kilionyesha vijidudu, nikapewa vidonge, na baada ya wiki tumbo likatulia. Chupa niliitupa. Jicho lake limepona, na uji anapika kila asubuhi kama zamani. Nimepita mlangoni mara nyingi nikamwona. Anachota kwa mwiko, mkono wa pili unaanza kuinuka, halafu anaushusha, anajifuta kwenye pindo la gauni ingawa hakuna cha kufuta, anapakua. Hauonji tena. Kuna siku hauna sukari kabisa, kuna siku sukari imezidi mpaka ulimi unakwaruza. Mke wangu anakunja uso, anasogeza bakuli pembeni. Mimi naumaliza wote, kisha nasema mtamu, na mama mkwe anaitikia vizuri bila kuniangalia.