Mfuko wa Bitana ya Kijani

Ubao wa dari uliolowa ulivunjika, bastola ikadondoka pamoja na mavi ya panya juu ya suruali aliyokuwa akiipinda Masika, fundi cherehani. Aliyepanga chumba hicho cha mtaa wa Bellevue, huku ugenini, kabla yake alihama bila kuaga.

"Ipeleke polisi, shoga," alisema jirani yake Kidawa, mtu wa Tanga. "Desemba hii ni msamaha, anayesalimisha silaha haulizwi. Wakikukuta nayo humu ndani, umekwisha."

"Karatasi yangu ilishakufa, dada. Batanifunga," alisema Masika kwa Kiswahili cha kwao.

Hata hivyo alikwenda. Kwanza aliishonea bastola mfuko wa bitana ya kijani, kwa mshono wa kurudia, maana hakuzoea kumkabidhi mtu kitu ovyo ovyo.

Kituoni, sajenti alikuwa akila kuku. Aliufungua mfuko kwa vidole vya mafuta, akachungulia, akaufunga.

"Kibali?"

Masika alimpa. Kilikwisha muda tangu Agosti. Mara nne alipanga foleni kukiongezea muda, mara nne alirudishwa.

"Naweza kukuweka ndani sasa hivi," alisema sajenti.

"Nimeleta silaha, baba. Tangazo linasema napewa stakabadhi."

"Stakabadhi ni ya wenye karatasi. Hukuja hapa, sikukuona. Sawa?"

Mfuko ukaingia kwenye droo. Masika alimshukuru, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wiki mbili baadaye Bheki aliingia chumbani kwake. Huyu ndiye mkuu wa doria ya mtaa, wale wanaume wa vizibao vya njano waliojiteua kulinda raia, na ulinzi wenyewe ni kuwasimamisha wageni na kudai vibali. Mpaka juzi walibeba fimbo. Alitupa mfuko wa kijani juu ya cherehani, mzito, wenye madoa ya mafuta ya kuku.

"Shemeji yangu wa kituoni kanipa. Umeshonwa vizuri, ila hauna pa kupitishia mkanda. Tia."

"Ndiyo, baba."

"Na kesho tunapita nyumba kwa nyumba. Karatasi ziwe tayari, mama."

Masika alichukua futi, akapiga magoti, akamzungushia kiunoni. Tumbo lilinuka bia na jasho la jana. Akakata vitanzi viwili, akaketi kushona.

"Visikatike nikikimbia," alisema Bheki.

Masika akaurudia mshono mara ya pili.