Vifuko vya Mama Pindo

Bibi yangu ana madaktari watatu, na kwa muda mrefu kila mmoja alidhani yuko peke yake. Wa moyo yuko ghorofa ya chini, wa sukari ng'ambo ya ua, na wa viungo juu kabisa, mahali ambapo mwenye magoti mabovu hapaswi kupelekwa. "Ukifika kwake kwa miguu yako," husema Bibi, "ujue umeshapona."

Bibi ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Pindo, maana pindo alilolishona yeye halifumuki hata nguo yenyewe ichakae. Lakini tangu mvua zikatike alikuwa akishikwa na kizunguzungu, tena cha ajabu: kilimjia siku zile ambazo magoti yametulia. Sisi tukasema ni kiherehere, akipata nafuu anazunguka mno. Kisha akaanguka na mkasi mkononi. Gauni la mteja likachanika, na yeye akalilia gauni.

Baba mkubwa hakucheka. Alisema Bibi akirudi kutoka kliniki bila nafuu, cherehani inaingia stoo na yeye anahamia kwake.

"Nikae kwako nifanye nini?"

"Upumzike, Mama."

"Nipumzike, nani kakwambia nimechoka?"

Ila usiku ule aliifuta cherehani vumbi ambalo halikuwepo.

Siku ya kliniki ya moyo nilikwenda kumchukua. Alikuwa amejipamba kama anayekwenda kuposwa. Ukutani, karibu na cherehani, vilining'inia vifuko vya dawa alivyovishona kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki: chekundu cha moyo, cha njano cha sukari, cha bluu cha magoti. Akachukua chekundu tu.

"Na hivi vingine, Bibi?"

"Hivyo si vya daktari wa leo."

"Lakini tumbo linalovimeza ni moja."

Alinitazama kama mteja aliyeleta kitambaa kisichotosha. "Mke mwenzangu, sikiliza. Mtu akiniletea gauni lililokatwa na fundi mwingine, eti nimrekebishie hapa na hapa, namrudishia kwenye mfuko wake. Ni matusi hayo. Sasa mimi nimpelekee daktari wa watu kazi ya mwenzake? Ataniona sina adabu."

Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya miaka yote. Alipoingia chumbani kutafuta viatu, vifuko viwili vilivyobaki vikahamia kwenye mkoba wangu.

Kwenye benchi la kliniki alikuwa na furaha zake. Alimvuta nesi sketi akamwambia mshono wa nyuma unakaribia kuachia, aje nyumbani amtengenezee. Nesi akamshukuru, akatuingiza.

Daktari wa moyo, bwana wa makamo mwenye sauti ya chini, alimpima presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Akakunja uso.

"Iko chini sana leo, Mama. Unasikia kizunguzungu?"

"Kidogo tu, baba."

"Alianguka na mkasi," nikasema.

"Wewe nani kakuuliza?"

"Kuna dawa nyingine unazotumia?" daktari akauliza.

"Zako tu, baba."

Nikafungua mkoba, nikavimimina vile vifuko viwili juu ya meza, kando ya kile chekundu alichokiweka Bibi. Kidonge kimoja kikabingirika hadi chini ya kiti. Bibi akafumba macho. "Umenivua nguo mbele za watu," akanong'ona.

Daktari hakuona ni matusi hata kidogo. Aliinama akakiokota kile kidonge, akavipanga vyote kama anayecheza bao.

"Hiki cha pinki?"

"Cha daktari wa sukari," Bibi akasema kwa shida.

"Hiki kinashusha presha. Na changu hiki cheupe ni dawa ile ile, rangi tu ndiyo imebadilika. Unakunywa mara mbili. Na hiki cha magoti?"

"Hicho goti likiuma. Likitulia nami naliacha lilale."

Daktari akacheka, akavua miwani. "Hiki kinapandisha presha, Mama. Siku ukikimeza, kinavutana na vile viwili, unasimama. Siku ukikiacha, vile viwili vinakuvuta chini peke yao. Tena kinachosha figo, na mwenye sukari figo zake ni za kutunzwa."

Akawapigia simu wenzake. Wa sukari alijibu palepale. Wa viungo, dada mmoja mnene kiasi, akashuka mwenyewe, akafika anahema.

"Pole mwanangu," Bibi akamwambia. "Kumbe ngazi zile nawe zinakutesa."

Waliinamia ile meza, huyu akitoa, yule akibadilisha. Cha pinki kikaondoka. Cha magoti kikaondoka, badala yake dawa ya kupaka na mazoezi ya kunyoosha miguu, pamoja na kipimo cha figo. Dada wa viungo akaahidi kumwona Bibi hapo hapo chini. Bibi alikuwa ametulia, akiwaangalia kama mafundi waliokutana kwenye vazi la bibi harusi.

Njiani akatamka neno moja tu: "Utaniomba radhi."

Sasa kizunguzungu kimekwisha, na majibu ya figo yalirudi mazuri. Jana baba mkubwa alikuja kukagua, akamkuta mama yake anashona mapazia. Hazikupita dakika nyingi, bwana mkubwa alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika ncha ya pazia, pini mdomoni, anakaripiwa kwamba anaivuta vibaya. Habari za stoo hakuzitaja.

Alipoondoka, Bibi akanionyesha mfuko mpya: mmoja, mkubwa, wenye vipande vyekundu, vya njano na vya bluu, na mkanda wa kuuvaa begani.

"Mzuri," nikasema.

"Najua. Lakini radhi yangu bado naidai. Ulinidhalilisha mbele ya daktari wa watu."

"Nilikudhalilisha, ndiyo."

"Basi?"

"Basi hakuna. Siombi radhi, Bibi. Leo siombi, na kliniki ijayo nitamimina tena."