Samaki wa Mto wa Mbali

Stara alikuwa akitibu watu kwa homeopathi, tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, kule Kizota, katikati ya gereji na karakana za mageti. Alisomea tiba hiyo miaka miwili Dar es Salaam kwa tabibu mmoja wa Kihindi, akarudi Dodoma na kabati la vioo, chupa mia na ushei, na kitabu kinene kilichobanduka jalada. Watu walimwita daktari. Aliwakataza, nao wakaendelea kumwita hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu alimjia Luka, fundi wa kuchomelea wa karakana ya ng'ambo ya barabara, mzaliwa wa Haneti, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Alivaa shati la mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali. Alipolivua, Stara aliona mabaka yaliyopauka mgongoni na kwenye mkono wa kushoto, mengine mapana kama kiganja.

"Zahanati walinipa dawa ya fangasi," Luka alisema. "Nimemaliza tyubu tatu, yako pale pale."

"Yanawasha?"

"Hayawashi, hayaumi. Bora yangewasha, mama, ningejua yana nini."

Stara alimwuliza maswali mengi, kama tiba yake inavyotaka: anapenda baridi au joto, anaota nini, hasira yake ikoje. Akapekua kitabu siku mbili. Katika ukurasa ambao hakuwahi kuufungua alikuta mistari michache kuhusu samaki aitwaye pirarara, wa mto Amazoni, ambaye amewahi kutengenezewa dawa ya magonjwa ya ngozi. Magonjwa yenyewe yaliorodheshwa, na la kwanza lilikuwa ukoma. Jicho lake lililiruka neno hilo. Ukoma aliuhesabu kuwa jambo la zamani za bibi yake.

Aliwauliza wenzake kwa WhatsApp; hakuna aliyewahi hata kuiona dawa hiyo. Mmoja akamcheka: "Dada, huyo samaki hata wauzaji wenyewe hawamjui." Maneno hayo yalimchochea. Aliiagiza India, na tangu siku hiyo hakutulia. Alifuatilia mzigo kwa simu asubuhi na jioni. Luka naye alipita kila Jumamosi kuuliza. "Shikamoo mama. Samaki wetu amefika?" Na kila alipoulizwa Stara aliona fahari kidogo, kwamba atakuwa na kitu ambacho tabibu mwingine hana.

Zilipita wiki saba.

Siku kifurushi kilipofika hakumngoja hadi Jumamosi. Alivuka barabara na kanga yake ya nyumbani, chupa mkononi, akaingia karakana kati ya cheche na kelele za grenda. Luka akazima mashine, akainua kioo cha kinga, akaweka vidonge vinne chini ya ulimi, vidogo na vyeupe kama punje za uwele.

"Mbona vitamu tu? Samaki gani huyu hana hata shombo?"

Mafundi wakacheka. Luka, kwa furaha, akataka kumwonyesha geti analotengeneza. Alinyoosha mkono wa kushoto usio na glavu akaishika bawaba aliyomaliza kuichomelea muda ule ule. Akaendelea kuongea, huyo mteja ni nani, anataka maua ya namna gani. Stara alisikia harufu kabla hajaelewa. Ilikuwa harufu ya nyama.

"Luka! Mkono!"

Luka akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye chuma.

"Aa, kazi hizi, mama," alisema akiupangusa kwenye suruali. "Ngozi yangu imeshakuwa bati."

Stara hakucheka. Alirudi nyumbani mbio mbio, akafungua kitabu, akasoma ile mistari tangu mwanzo, safari hii bila kuruka. Chumba kikawa kidogo. Aliosha chupa ambazo hazikuwa chafu. Mgonjwa aliyebisha hodi alimwambia arudi kesho. Alifika hadi mlango wa karakana, akageuka. Akaenda tena, akageuka. Baka lisilowasha wala kuuma! Alifundishwa hilo mwaka wa kwanza: baka lisilohisi, mpeleke mtu hospitali siku hiyo hiyo. Wiki saba nzima hakuligusa hata kwa ncha ya pini. Alimwuliza ndoto.

Mara ya tatu alimwita Luka nje, nyuma ya rundo la vyuma.

"Mwanangu, mabaka yako nahofia si fangasi. Twende hospitali wakupime ukoma."

"Unaniita mkoma?"

"Nakwambia wakupime. Kuna dawa, na inaponyesha."

"Wiki saba unaniuliza naota nini. Leo ndiyo unaikumbuka hospitali?"

Luka alitia chupa mfukoni, akaondoka bila hata kurudisha vifaa vyake ndani.

Kesho yake hakuja kazini. Simu yake ilizimwa. Mwenye karakana alisema labda amekwenda kwao Haneti kwenye mavuno. Siku tatu Stara alifungua na kufunga mlango wake, chai ikipoa mbele yake. Siku ya nne alipanda basi la asubuhi la Haneti.

Alimkuta mama yake Luka, Ruthu, akipiga alizeti kwa fimbo uani. Stara akamwamkia kwa Kigogo chake cha kubabaisha, "Mbukwenyi," na bibi akafurahi, akamletea kigoda. Luka alitoka ndani. Kiganja chake kilifungwa kitambaa kichafu, na alipomwona mgeni akataka kurudi.

"Sikuja kukuaibisha," Stara alisema. "Nimekuja kusema nimekosea. Ulipokuja mara ya kwanza ningekupima pale pale, nisingengoja dawa ya mbali. Kosa ni langu, si lako."

Ruthu aliacha kupiga alizeti. "Kosa gani? Mwanangu ana nini?"

Stara alimtazama Luka, naye akainamisha kichwa, hakukubali, hakukataa. Basi Stara akaokota unyoya wa kuku uani. "Fumba macho," alimwambia. "Kila nikikugusa, sema."

Akamgusa shingoni. "Hapo." Akamgusa mkono wa kulia. "Hapo." Shavuni. "Hapo." Akamgusa kwenye baka la mkono wa kushoto. Luka alikaa kimya, macho yamefumbwa, akingoja. Akamgusa baka la pili, na la tatu.

"Mbona umeacha kunigusa?" Luka aliuliza.

Ruthu alimpokonya Stara unyoya. Akampitishia mwanawe mwenyewe, polepole, kutoka kiwikoni hadi kwenye kidole kidogo, akarudia, akabonyeza kwa ukucha. Luka bado alingoja.

"Fumbua macho, baba," mama yake alisema. "Kesho unakwenda naye. Na mimi nakuja."

Hospitalini walichukua vipimo, wakaupa ugonjwa jina: ukoma. Muuguzi aliongea bila kunong'ona, kama anayesema malaria: vidonge vya bure, miezi kumi na miwili, pakiti mpya kila mwezi, akishaanza kunywa hatawaambukiza wengine, wa nyumbani kwake wapimwe. Ruthu alipimwa, hakuwa nao. Ila vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kukunjamana, na muuguzi hakuweza kuahidi vitanyooka. Aliuliza ni lini mabaka yalionekana mara ya kwanza, na nani aliyaona. Stara akasema yote, wiki saba pamoja na samaki. Muuguzi hakumgombeza, aliandika tu, na Stara alitamani angegombezwa.

Luka akarudi kazini na glavu za ngozi. Mwezi wa tano wa dawa mabaka yalianza kufifia, na hapo mtaa ukaanza kusema. Mafundi walikumbuka siku ya chupa. Ikawa dawa ya samaki ya mama Stara imemponyesha Luka. Wakaja watu kutoka Kizota yote, mwenye chunusi, mwenye mba, mwenye kidonda cha mwaka, wakajipanga kwenye benchi. Stara aliwaambia dawa hiyo haikumponyesha mtu. Wakadhani anaibania. "Basi Luka alipona kwa nini?" waliuliza, naye akanyamaza, kwa sababu siri haikuwa yake.

Ikawa kila asubuhi akiamka anachungulia dirishani kuona wamefika wangapi. Alipomweleza Luka, yeye alinyanyua mabega. "Umeianzisha mwenyewe, mama," alisema, akashusha kioo cha kinga.

Siku moja alikuja Batuli, muuza maandazi, na binti yake wa miaka tisa. Shavuni mwa mtoto palikuwa na baka moja lililopauka. Stara alishika pamba, akamwambia afumbe macho, akamgusa. Mtoto hakusema kitu.

"Mpeleke hospitali leo hii, Batuli."

"Hospitali ya nini? Mimi nataka samaki wa Luka!" Batuli alipandisha sauti. "Au sisi hatufai?"

Kelele ilifika karakana. Luka alikuja akasimama mlangoni, mashine yake ikiunguruma ng'ambo ya barabara. Alimtazama mtoto, akamtazama Stara aliyeshika pamba. Kisha akavua glavu ya kushoto, taratibu, kwa sababu vidole viwili havikutaka kutoka.

"Mimi nilikuwa na ukoma," alisema kwa sauti iliyofika benchi zima. "Bado namalizia dawa. Za hospitali, si za samaki. Hivi vidole vimebaki hivi kwa kuchelewa."

Watu wawili waliinuka wakaondoka. Mwingine alisogea akiivuta kanga yake. Fundi mmoja, aliyekula naye sahani moja juzi tu, alisimama katikati ya barabara mdomo wazi. Luka aliwaona wote, lakini hakuuficha mkono.

Batuli alikuwa amemkumbatia binti yake, hajui aende wapi. "Wanaumiza?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo. "Huko hospitali?"

"Vidonge tu," Luka akamjibu. "Mkojo unakuwa mwekundu kidogo. Usiogope ukiuona."

Stara alikwisha kufunga kabati na kutafuta viatu vyake. Hakungoja Batuli akubali. Alimshika mtoto mkono, wakashuka ngazi, na yule mama akawafuata akikimbia nusu, ndoo ya maandazi ikimgonga pajani.