Sekunde Mbili za Uchafu

...na kama umeme ungekatika sasa hivi, sasa hivi hii, Nasri angeamini kwamba dua zinafika, lakini umeme wa Tabora nao una kiburi chake, siku ukiuhitaji unaondoka bila kuaga na siku ukitaka uondoke unakaa kama mgeni aliyesikia harufu ya kuku, na santuri inazunguka, nyeusi, mpya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, juu ya gramafoni ya marehemu Dionis, sebuleni kwa mjane wake, Bibi Apolinaria, Ng'ambo, Jumapili mchana, watu wametoka misa hata gauni la kanisani Bibi hajavua, amekaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, mkono wa kulia juu ya goti, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu, na kitu hicho Nasri anakijua, ni manyanga, vile vibuyu vya kutingisha, manyanga ambayo hayapo mkononi na, Mungu amsamehe, hayapo hata kwenye santuri... "Mbona mwanzoni sikujisikia?" Bibi ameuliza, si kwa ukali, kwa kushangaa tu, kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta funguo hazimo, na Nasri amejibu haraka mno, "Spika zilikuwa bado hazijapata moto, Bibi," spika zipate moto, kwani ni jiko la mkaa, mtu mzima kabisa anasema spika hazijapata moto, na yeye ndiye Nasri Masikio, fundi wa sauti, kijana aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu, alivyowaambia walimu wake, mwenye masikio kama haya hana haja ya kusoma kwa macho, yeye ambaye akikaa pale kibandani kwake Gongoni anajisifu kwamba mbu akipiga chafya Urambo yeye anamwambia pole.

Na gita la Dionis linatembea, limetulia, safi, kila uzi unauhesabu, hapo hakuna wa kumlaumu, kazi ni kazi, wale Wazungu wa kampuni inayochapa upya santuri za zamani walimwandikia kwamba hawajawahi kusikia roki ya miaka ya sabini kutoka Afrika ikiwa safi namna hii, safi, neno lenyewe hilo, alilisoma mara ishirini, akawasomea vijana wa bodaboda, akamsomea mchumba wake, Najiat, ambaye alisema, "Kwa hiyo sasa wewe ni dobi wa nyimbo," akacheka, na yeye akacheka, akavimba kama chapati kwenye kikaango, dobi, ndiyo, dobi, tatizo ni kwamba dobi alimkuta mtu ndani ya shuka akamkamua pamoja na uchafu... "Mama, usijitese," anasema Sylvester, mtoto mkubwa wa Bibi, mwalimu, mwenye kitambi cha upole na mdomo usio na upole, "sisi tunajua ulikuwa unawapikia chai, kupika chai nako ni kazi ya bendi, wapiga gita hawapigi na njaa," na Flavia, mjukuu, aliyesimama na simu anarekodi video, anasema, "Baba, muache Bibi, leo ndiyo leo, akisikika tu hapa naiweka mtandaoni, Bibi wa roki," na Bibi anasema, "Chai alikuwa anapika Eustadia, mke wa mpiga besi, mimi nilikuwa napiga," anasema polepole kama alivyosema miaka hamsini, na kwa miaka hamsini hakuna aliyemwamini, kwani jalada lina wanaume wanne wenye suruali pana kama sketi, jina lake halimo, mwenyewe aliomba lisiandikwe, baba yake alikuwa katekista kule Urambo na alijua binti yake yuko Tabora kwa masista anajifunza cherehani, cherehani, kumbe binti yuko ukumbini anatingisha manyanga nyuma ya gita la umeme na bendi ya Kwihara Roki, jina akalificha ili sauti ibaki, akasema kwamba jina si kitu, siku moja watanisikia.

Na Bibi alimwambia, hilo ndilo linalomchoma Nasri chini ya mbavu kama mwiba wa mgunga, alimwambia, siku ile alipokuja kuomba ule utepe, utepe pekee uliobaki duniani, maana santuri za zamani zote zilishapotea, ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, Bibi alilishika kopo kwa mikono miwili akasema, "Nimo humu, mjukuu wangu, wimbo wa tatu, mwanzo ni mimi peke yangu, chini chini, kama mvua inayoanza kwenye majani ya tumbaku, halafu napungua, naitikia mwisho wa kila mstari tu, naingia tena kwa nguvu pale gita la Dionis linapolia, utanisikia," na Nasri akasema nini, akasema, "Bibi, mimi nikikusikia nitakupigia makofi," huku macho yako kwenye kopo, anawaza jina lake nyuma ya jalada, hakumwamini, aseme ukweli, alimwona kama wanavyomwona wote, bibi mmoja mzuri mwenye hadithi moja nzuri, akambusu mkono akaondoka na kopo kwenye pikipiki akipiga mluzi... na utepe ulikuwa mgonjwa, umekaa miaka kwenye joto, alipoupitisha kwenye mashine ulikuwa unabanduka unga wa kahawia kama ukoko wa kidonda, ulipita mara moja tu, ukafa, lakini ile mara moja aliinasa yote kwenye kompyuta, na ikiwa imenaswa akaanza kuisafisha, na programu ya kusafisha ina ujinga wake, au ina utii wake, inataka uionyeshe kwanza uchafu ukoje, unaipa kipande kidogo mahali ambapo muziki haujaanza, unaiambia huu ndio uchafu, nayo inakwenda wimbo mzima inafagia kila kinachofanana na hicho, na yeye, bingwa, mbu wa Urambo, alitafuta mahali pa kimya katika wimbo wa tatu, akapata sekunde mbili za mwanzo kabla gita halijaingia, sekunde mbili za kitu kinachochakacha, shaa, shaa, shaa, akasema, hii hapa, takataka ya utepe, tamu kabisa, akaipa programu, fagia, ikafagia, akavua hedifoni akaenda kula mihogo.

"Nishushe Tura," inaimba santuri, "mzigo huu ni wangu, nishushe Tura," kambi ile ya wapagazi wa zamani, sauti ya marehemu Dionis mwenyewe, kavu, yenye vumbi la reli, na Bibi anatikisa kichwa, anatabasamu, anasema, "Alikuwa anasema roki haikutoka kwa Wazungu, ni hatua ya mpagazi wa Unyamwezi iliyotiwa umeme tu, sikilizeni, gita ndilo mzigo, manyanga ndiyo miguu," na Sylvester anasema, "Miguu mbona haionekani, Mama, au mpagazi alipanda treni?" na Flavia anacheka bila kutaka, simu inatikisika, na Nasri naye mdomo wake unacheka, mdomo huu, mdomo uliozoea kucheka kabla ya kichwa, unacheka kichekesho ambacho yeye ndiye aliyekitengeneza, kwani miguu ilikuwepo, mjomba, ilikuwepo, aliyeisikia si mwenye Masikio, ni Sayi, mchunga ng'ombe wa Choma, mzee wa rubega na fimbo, alikuja kibandani Jumatatu kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi, na Nasri alikuwa amefungua faili la kwanza, lile ambalo halijasafishwa, amwonyeshe mteja tofauti, "Sikiliza babu, kabla ilikuwa hivi, uchafu mtupu, sasa sikiliza baada ya mkono wangu," na Sayi akainua kidole, akasema, "Hebu rudisha, rudisha pale kwanza... nani huyo wa manyanga?" "Manyanga gani, babu, huo ni utepe umechakaa," na mzee akamtazama kama anavyotazamwa ndama aliyezaliwa kipofu, akasema, "Kijana, utepe haujui kupumzika, huyu anapumzika, sikia, anapiga, anavuta pumzi, anapiga, huyu ni mtu, tena ana mkono," akaanza kutikisa fimbo yake pale nje, shaa, shaa, na Nasri akasikia, na tangu hapo hajaacha kusikia, akisonga ugali anasikia, akifagia ua anasikia, mama yake, Kuluthumu, alimuuliza juzi, "Unaumwa?" akasema hapana, mama yake akasema, "Basi umemkosea mtu."

Na zilikuwa zimeshachapwa, santuri mia tano, zimeshasafiri, nyuma ya jalada kumeandikwa kwa herufi nzuri, usafishaji wa sauti, Nasri Masikio, Tabora, jina lake yeye liko, mpiga manyanga hayuko kwa jina wala kwa sauti, na akapanga, wiki hii nzima alipanga, mwenye akili ndogo hupanga sana, kwamba atasema Wazungu ndio waliokata, nani atakwenda kuwauliza, au atasema utepe ulikuwa umeoza sehemu ile, nao umekufa, maiti haitoi ushahidi, au hatasema lolote, Bibi ana miaka sabini na mitano, masikio yamechoka, atafurahia jalada, atalia kidogo, watakunywa soda, na amekuja na mpango huo mfukoni, na katika mfuko huo huo, hajui kwa nini, ameweka simu yenye faili la kwanza, chafu, zima, kwa nini aliiweka humo asubuhi hii kama hakutaka kuitumia, mtu habebi maji kwenda mahali asipojua pana moto... "Labda ni masikio yangu," anasema Bibi, na sauti imeshuka, "Mwalimu, hebu niambie kweli, mwanangu, mwanzoni ulisikia kitu?" na Sylvester, ambaye utani umemwisha ghafla, anasema, "Sikusikia, Mama, lakini mimi najua nini," na Bibi anatazama vidole vyake vilivyokunjwa, anavitazama kama vya mtu mwingine, anasema, "Au sikupiga siku ile ya kurekodi. Au nilipiga kwenye mazoezi tu, nikachanganya. Miaka mingi. Mtu unaweza kusimulia jambo mpaka likawa kweli." Aa, hapana, Bibi, hapana, usiseme hivyo, alitegemea atamlaumu mtu, Mzungu, mashine, utepe, hata yeye Nasri, alijiandaa kukwepa kila upande, hakujiandaa kwa huu, kwamba mzee wa watu atajifagia mwenyewe, atachukua ile programu ya Nasri na kuipitisha kwenye miaka yake, fagia, cherehani ya uongo, fagia, ukumbi, fagia, Dionis akigeuka nyuma kumpa ishara kwa nyusi, fagia, na itakapokwisha hapo sebuleni atakuwa amebaki mpika chai, na chai yenyewe alipika Eustadia.

Nasri na wenzake waliwahi kupelekwa Kwihara darasa la sita, kwenye ile nyumba ya udongo ya makumbusho, kuna majina ya Wazungu waliolala humo miezi michache, na Nasri alimuuliza mlinzi, "Na waliowabebea vitanda wanaitwa nani?" darasa zima likacheka, mlinzi akasema, "Wengi," na Nasri alijiona mjanja mwaka mzima kwa swali lile, mjanja, swali alikuwa nalo tangu ana miaka kumi na miwili, jibu likaletwa na bibi kwenye kopo la biskuti, akalifagia, na sasa anatazama jina lake nyuma ya jalada, liko mezani karibu na soda, Masikio, na kwa mara ya kwanza tangu alipopewa jina hilo na wahuni wa Gongoni linamwonea haya, na ajabu ni kwamba sasa anasikia, santuri inapita kwenye ubeti wa pili na yeye anasikia pale alipofagia, pana umbo, gita linakanyaga hewa, Dionis anamsubiri mtu kila mwisho wa mstari, kidogo tu, nafasi ya pumzi moja, anamsubiri mkewe na mkewe haji, na nafasi ile haikuwa safi kamwe, ilikuwa tupu, na kazi yake yote ya usafi mtu mmoja wa Choma angeitikisa kwa fimbo... atasema, ndiyo, atasema mbele ya mwalimu na mbele ya simu ya Flavia inayorekodi, ikapande huko mtandaoni, vijana wa bodaboda wacheke, Najiat acheke, Wazungu wachape upya au wasichape, wamfute jina, atasema mimi ndiye, si spika, si utepe, ulikuwepo Bibi, mwanzo ulikuwa peke yako kama mvua kwenye tumbaku, ulipiga, ukavuta pumzi, ukapiga, na kidole gumba kimeshafika mfukoni, kimeshagusa simu, na gita la Dionis linaanza kupanda, linapanda, linataka kulia, "Bibi," anasema Nasri, na sauti inatoka ndogo, haina mbu wala Urambo, "Bibi, nina neno," na Bibi Apolinaria, bila kumtazama, anainua ule mkono kutoka gotini, mtupu, vidole vimekunjwa, tayari hewani.

"Ngoja, mjukuu wangu," anasema. "Ngoja kidogo. Naingia sasa hivi."