Uzio Usiozidi Kiuno

Kamati ya mtaa wetu hapa Bwera iliamua: mabati yang'olewe, kila nyumba iwe na uzio wa waya usiozidi kiuno, na uwanjani zioteshwe nyasi za asili kutoka milimani. Ukuta wa mabati unafungia maji ya mafuriko, walisema, na nyasi za kununua zinakufa jua likiwaka. Sawa. Hilo sibishi.

Lakini mabati yangu hayakuwa urembo. Yalikuwa ya kumzuia Benedicte, mke wangu. Kichwa chake kinapotea, na kila siku anataka kurudi kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Mara ya mwisho nilimkuta forodhani Mpondwe, peku, katikati ya malori, anambembeleza dereva ampeleke nyumbani. Njia ya huko sasa ni bunduki tu. Akivuka, basi.

Nikaenda kwa Ketura, mwenyekiti. Mwalimu mstaafu, mtu mzuri, lakini kwake sheria ni msumeno.

"Afande Omara, nikikuachia wewe, kesho jirani yako Ssali naye ataleta sababu yake."

"Mke wangu atapotea, mwalimu."

"Uzio ukiwa chini, majirani watamwona."

"Watamzuia, au watampungia mkono?"

Mimi nimezeekea jeshini. Najua amri ikishatoka haina masikio.

Nikang'oa mabati mwenyewe. Watu wanadhani nililia. Nilie nini? Sikusikia kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Nikafunga waya, nikaotesha nyasi, nikaweka kiti getini, nikawa nashinda hapo kama askari wa benki. Mvua zikaja, nyasi zikashika.

Asubuhi moja Benedicte akatoka peku. Nikajiambia, leo ndiyo leo. Akaenda mpaka kwenye waya, akatazama barabara, halafu akageuka. Akainama, akang'oa jani moja, akalinusa, akacheka. Loo! Kicheko kile nilishakisahau.

"Hii majani ni ya kwetu," akasema. "Nimefika."

Akaketi palepale kwenye nyasi, mama wa watu, akanyoosha miguu kama mwenye mali. Nilifurahi, nasema kweli. Nikaingia ndani nikamletea chai.

Aliponiona karibu, akavuta kitenge kifuani.

"Afande, kazi imekwisha. Aksanti. Sasa toka mu lupango, mu kiwanja yangu."

"Mama, ni mimi."

"Toka, baba. Bwana yangu Omara iko karibu kurudi. Hapendi kukuta mwanaume kwake."

Nikaweka kikombe chini. Nikatoka, nikafunga geti, nikasimama barabarani. Halafu nikabisha hodi.

Akainua uso, akaniangalia vizuri, kwa huruma kabisa, akaniambia mwenye nyumba bado hajarudi.